Katuni Isiyotaka Vijei

Mimi ni mtu wa mdomo, sifichi. Hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, muulize mtoto yeyote Vijei Nobert ni nani, atakuonyesha kibanda changu cha video nyuma ya soko, kisha atakuigizia sauti yangu bila kuombwa. Kazi yangu ndiyo hiyo. Filamu inakuja ikisema Kichina, Kihindi au Kiingereza cha puani, mimi ninakaa pembeni na maikrofoni, ninaitafsiri papo hapo kwa Kiswahili chetu cha mpakani. Pale mwigizaji anaponyamaza, ninasema kwa niaba yake. Ninampa ugomvi, ninampa mama mkwe, ninampa ugonjwa wa tumbo. Watu wanakanyaga sakafu kwa vicheko. Kwa miaka kumi na sita niliamini kwamba hawaji kutazama filamu, wanakuja kunisikiliza mimi.

Na kuna jambo lingine mlijue mapema. Mimi sitazami filamu kabla ya kuitafsiri. Kuna wenzangu wa Kasese mjini wanaitazama mara mbili, wanaandika kwenye daftari, utadhani wanangoja mtihani. Mimi kamwe! Ninaiingia ikiwa moto, nisichokijua ninakibuni, na watu wanapenda zaidi nilichobuni. Hiyo ilikuwa fahari yangu. Kellen, mke wangu, anayeuza karanga na bisi pale mlangoni, alikuwa akiniambia, "Baba, ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa ya watu." Nilikuwa namjibu kwamba ulimi huohuo ndio uliomposa.

Sasa, Aimée. Alifika hapa akiwa na miaka kumi, ameshika mkono wa baba yake, Stanislas, fundi cherehani kutoka vijiji vya upande wa Beni, Kongo. Risasi zilipoingia kijijini kwao walikimbia na wengine, wakavuka mto Lubiriha na wengine, na mama mtu, aliyeitwa Sophie, hakuvuka. Hayo tuliyajua kutoka kwa wenzao, maana Stanislas mwenyewe hakusema. Sista mmoja wa parokia alimtafutia cherehani kuukuu, naye akaiweka barazani kwenye chumba alichopanga jirani na kwetu, akaanza kushona sare za shule. Ukimuuliza habari ya suruali, anakujibu. Ukimuuliza habari ya mvua, anakujibu. Ukimuuliza, "Papa Aimée, na Mama Aimée je?" anauma uzi, anaukata kwa meno, anakuuliza mfuko uwe upande gani. Miaka kumi alikuwa hivyo.

Tulimzoea. Watu wa hapa tunajua kuzoea. Nusu ya soko imetoka ng'ambo, kila mtu ana mtu wake asiyemtaja, na Lhukonzo chetu na Kinande chao ni lugha moja iliyokatwa na mto, kwa hiyo hata kunyamaza tunanyamaza namna moja.

Lakini mtoto hakuzoea. Aimée alikua akimtazama baba yake anavyonyamaza, na alikuwa akichora. Alichora kwenye mabaki ya karatasi za kukatia mitindo, kwenye vumbi, kwenye ukuta wangu, nikamfokea. Alisoma sekondari Kisinga, akapata msaada wa parokia, akaingia chuo cha sanaa Kasese mjini. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi anatakiwa kutengeneza filamu fupi, peke yake, mwanzo hadi mwisho. Wenzake walipiga video za mlima na za maharusi. Yeye akaja kwangu siku ya Jumamosi, amesimama mlangoni na begi, na adabu zake zote.

"Tonton Nobert," akasema, yaani mjomba kwa Kifaransa cha kwao, "naomba ile stoo ya nyuma."

"Stoo ya viti vibovu? Unataka kufuga sungura?"

"Nataka kufanya katuni. Ile stoo haina dirisha. Jua likihama, kivuli kinahama, na watu wangu wataonekana wanarukaruka."

Nilicheka sana. Nikampa ufunguo.

Basi nikaona kazi ambayo sijawahi kuiona. Alitengeneza wanasesere watatu, kila mmoja urefu wa shubiri moja. Mifupa ilikuwa waya za miavuli iliyovunjika. Nyama ilikuwa matambara ya baba yake. Macho yalikuwa shanga. Baba alikuwa na kikofia cha kahawia, mtoto alikuwa na gauni, na mama alivalishwa kitenge cha buluu chenye ndege wa njano. Kile kitenge hakikutoka kwenye matambara ya barazani. Kilikuwa kipande cha kitambaa alichofungwa Aimée kichwani siku waliyokimbia, na mama yake ndiye aliyemfunga. Alikikata kwa mkasi mwenyewe. Kellen alipoona akaenda nje akakaa huko kidogo.

Simu aliifunga kwenye kopo lililojaa mawe ili isitikisike. Anapiga picha moja. Anasogeza mkono wa mwanasesere, kiasi cha unene wa ukucha. Anapiga nyingine. Anasogeza. Sekunde moja ya katuni inakula picha kumi na mbili, na alitaka dakika nne. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nilishindwa. Nikifungua kibanda asubuhi namkuta mwanasesere mama ameinua mguu. Nikifunga jioni, mguu umetua chini. Jumamosi zote, Jumapili baada ya misa, na likizo nzima, miezi saba.

Siku moja nilimpelekea chai, nikagonga mguu wa meza. Kidogo tu! Wanasesere wakayumba, nyumba ya boksi ikainama. Aimée akafumba macho.

"Tonton, siku mbili zimekufa," akasema.

"Si urudishe tu walipokuwa?"

"Hawarudi walipokuwa."

Hakunifokea. Alikunywa chai yangu, akashukuru, akaanza upya. Nilijisikia vibaya, halafu nikasahau, maana mimi ndivyo nilivyo.

Siku hiyohiyo nilimuuliza kwa nini anajitesa. Angeweza kupiga video ya mbuzi wakila maganda na mwalimu angempa alama. Alikaa juu ya kiti kibovu, akanijibu akitazama mikono yake.

"Kuna neno moja nataka kumuambia Papa. Kwa mdomo haitoki. Kila nikifungua mdomo, ananiuliza kama nimekula. Nikimaliza chuo nitaenda kutafuta kazi, Papa atabaki peke yake na ile kitu yake. Sitaki abaki nayo. Nataka aone filme, halafu apumzike."

"Neno gani hilo?"

"Ungoje mwisho, Tonton. Iko kwa mwisho."

Kwa hiyo msiniambie sikujua. Nilijua ile katuni ni ya mtu mmoja, na nilijua mwisho wake ndio wenye neno.

Kuna kipande kimoja kilimchukua siku nne. Wanasesere wote watatu wako njiani na mizigo. Baba anasimama. Anageuka. Anainua mkono, anaonyesha kidole nyuma walikotoka. Siku nne kwa ule mkono tu. Niliuliza anaonyesha nini, akasema, "Anaonyesha nyuma." Sikuuliza zaidi, nilikuwa na filamu ya mapanga ya kutafsiri saa nane.

Ijumaa moja akaniletea flashi, amechoka hadi midomo imekauka, lakini anacheka. Imekwisha. Sauti iliyokuwamo ilikuwa moja tu: mlio wa cherehani ya baba yake, aliourekodi barazani bila yeye kujua. Maneno hakuna. Alitaka Jumapili baada ya misa aketi na Papa wake kwenye kibanda changu, kwa sababu mimi nina projekta na ukuta mweupe.

"Tonton, uitazame kwanza," akasema. "Na siku ile usiseme kitu. Nakuomba. Hii haitaki vijei."

Nikajifunga midomo kwa vidole nikatupa ufunguo wa hewani. Akacheka. Ile flashi niliitia mfukoni mwa shati, na Ijumaa ikapita, na Jumamosi ikapita, na sikuitazama. Badala yake nilifanya nini? Nikachukua spika nikaifunga juu ya bati, nikatangaza soko zima: katuni ya kwanza kutengenezwa Bwera, imetengenezwa na binti yetu, kwa mkono mmoja, Jumapili saa nane, kiingilio bure! Nilidhani ninamfanyia heshima. Naapa kwa jina la mama yangu, nilidhani hivyo.

Jumapili kibanda kilijaa hadi watu wakakaa juu ya masanduku ya soda. Aimée alipoingia na kompyuta ya kuazima, yenye nakala yake ya katuni, akasimama ghafla.

"Tonton, nilisema Papa tu."

"Mama, miezi saba! Waache waone."

Aliweka kompyuta mezani akaiunganisha na projekta. Stanislas alikuja na koti lake jeusi la misa, ameshika kofia, akaketi benchi la mbele karibu na Kellen. Alikuwa anatabasamu kwa aibu, kama mzazi siku ya ripoti. Nilizima taa.

Ikaanza. Nyumba ndogo, cherehani mezani, mama wa kitenge cha buluu anamsuka mtoto. Ule mlio wa cherehani, taka-taka-taka, ukajaa kibandani, na nikamwona Stanislas ameinua kichwa. Aliutambua. Mwanasesere mama akageuza shingo akamtazama mtoto, na naapa, zile shanga zilitazama kweli. Watu walitulia.

Lakini watu wa Bwera hawajawahi kuona picha bila vijei. Dakika ya kwanza wanashangaa. Ya pili wanaanza kukohoa.

"Vijei! Umemeza ulimi?" Huyo ni Erifazi, dereva wa boda, mteja wangu wa kila siku.

"Spika imekufa!"

"Tafsiri, bwana!"

Nilimtazama Aimée. Akatikisa kichwa. Nikashika maikrofoni kwa mikono miwili nikaibana katikati ya magoti. Kwenye ukuta, mbuzi wanakimbia, milango inafungwa, wale watatu wanatoka na mizigo. Vijana wawili wakainuka, wakaanza kutoka. Mmoja akasema kwa sauti, "Leo Nobert amezeeka." Na wengine wakacheka.

Hapo ndipo nilipoharibika. Watu wanatoka kwenye kibanda changu, wananicheka! Ukutani yule baba amesimama, amegeuka, ameinua mkono, kidole kinaonyesha nyuma. Mama anaweka mfuko chini. Na mimi, mpumbavu, nikawasha maikrofoni.

"Eeeh! Muone huyu muzee!" nikasema kwa sauti yangu ile ya walevi. "'Bibi, risasi iko kule, basi wewe uende! Mimi iko na mafua! Mimi nitakungoja hapa chini ya muti!' Mwanaume gani huyu? Anatuma muke kwenye moto, yeye anashika kofia! Mama akifa, kesho atatafuta mwingine Mpondwe!"

Kibanda kikalipuka. Erifazi alikanyaga sakafu kwa miguu yote miwili. Wale vijana wawili wakarudi wakaketi. Na mimi nikanenepa pale nilipokaa, nikafungua mdomo niongeze.

Stanislas akasimama. Kivuli chake kikaangukia ukutani, juu ya yule mama aliyekuwa akirudi peke yake njiani. Hakutazama watu, hakunitazama mimi. Alikuwa akiutazama ukuta.

"Ni kweli," akasema.

Basi. Akavaa kofia, akapita katikati ya mabenchi, akatoka.

"Papa!" Aimée aliruka hadi meza ikayumba. "Papa, haijaisha! Papa, rudi, haijaisha!" Akakimbia nje nyuma yake. Alimshika mkono pale kwenye jua, tulimwona kupitia mlango, anamvuta kwa mikono miwili, na mzee anautoa mkono wake taratibu, bila hasira, anaondoka.

Hakuna aliyezima kompyuta. Katuni iliendelea kwa sisi ambao haikuwa yetu. Baba na mtoto wako ng'ambo ya mto. Jua la karatasi linapanda, linashuka, linapanda. Baba hasogei. Halafu kwa mbali njiani kikaonekana kitu cha buluu. Kikaja, kikaja. Ni mama. Amebeba kichwani kichwa cha cherehani, kile chuma cheusi chenyewe, na kitenge chake cha ndege wa njano kinapeperuka kidogokidogo. Akavuka. Akasimama mbele ya baba. Na yule baba akainua mkono wa kulia, halafu wa kushoto, akampokea mzigo akamtua. Kwetu hilo ni jambo dogo. Mtu akija na mzigo kichwani humsalimii, humuulizi habari, unamtua kwanza, hata akiwa adui yako. Alipomtua, mama akamwekea mkono begani. Mtoto akaja akawashika wote wawili. Hapo mlio wa cherehani ukanyamaza, ikaisha.

Hakuna aliyecheka. Kellen alikuwa amefunika uso kwa khanga. Erifazi alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi maikrofoni ilikuwa bado imewaka, na kilichosikika kwenye spika ni pumzi yangu.

Jioni nilikwenda kuomba msamaha. Stanislas alikuwa barazani, na Aimée amepiga magoti mbele yake na simu mkononi. Nilianza kusema, akanizuia kwa kiganja.

"Vijei, usiombe kitu. Miaka kumi nilikuwa nangoja mutu aseme." Ndipo akasema, maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake. Walikuwa wamefika kwenye daraja la miti. Yeye ndiye aliyekumbuka cherehani. Akamwambia mkewe, Sophie, bila mashini tutakula nini Uganda? Rudi uchukue kichwa chake, mimi nashika mutoto. Sophie akaweka mfuko chini, akarudi. "Hakubisha," akasema Stanislas. "Angebisha kidogo tu."

"Papa, angalia mwisho," Aimée akalia. "Mimi sikulaumu, Papa. Sikulaumu hata siku moja. Angalia mwisho tu, ni sekunde arobaini."

"Niliona, mama. Ulifanya vizuri." Akamshika kichwa. "Kile kidole kilikuwa kidole changu kabisa."

Akaisukuma simu taratibu, akauliza kama mtoto amekula, akaingia ndani.

Jumatatu asubuhi Aimée aliamka akakuta meza ya cherehani ipo, na katikati yake tundu. Stanislas alikuwa amefungua skrubu, ametoa kichwa cha ile cherehani ya parokia. Erifazi alikuwa mpakani anangoja abiria, alimwona akivuka na watu wa asubuhi, amekibeba kichwani kwa ngata ya shuka, anatembea wima. Alimsalimia, naye akamjibu kwamba anaenda kumpelekea mke wake mashini.

Alikuwa mzima wa akili, msidhani vingine. Aliwamalizia wateja wote sare zao, alizipanga kwenye kiti zimekunjwa, kila moja na jina la mtoto.

Aimée aliipeleka katuni chuoni kwa sababu siku ya mwisho ya kuikabidhi ilifika. Walimu waliisifia, wakampa alama za juu kuliko wenzake wote. Alirudi na karatasi ya alama akaiweka chini ya sahani nyumbani kwetu, hakuitazama tena. Kila siku ya soko alikuwa akienda Mpondwe mpakani, anasimama pale wanapopita watu wa ng'ambo, anauliza. Mushonaji, muzee mwenye koti jeusi, amebeba kichwa cha mashini. Mimi nilifunga kibanda siku hizo nikaenda naye. Hakuniambia nije, hakuniambia nisije. Sikuwahi kusikia neno baya kutoka kwake. Ningelisikia ningelala vizuri zaidi.

Wiki ya saba, mvua ya asubuhi imekwisha, watu wanateleza na magunia. Akatokea mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa mawese, tulimjua kwa sura. Safari hii hakuwa na madumu. Kichwani alikuwa na kitu kizito kimefungwa kwenye kitenge, shingo imezama.

"Nani anaitwa Aimée?" akauliza. "Aimée wa mushonaji."

Nilijua. Kila mtu pale alijua. Aimée akamsogelea. Hakumsalimia, hakumuuliza habari. Aliinua mkono wa kulia, halafu wa kushoto, taratibu vilevile, na nikaona ile mikono ya mwanasesere, nikaona miezi saba ya stoo, nikataka ardhi inifunike. Akampokea mama wa watu mzigo wake akamtua. Chuma kikalala mikononi mwake, akakiweka matopeni, akakaa chini kando yake.

"Sasa uniambie, mama," akasema.

Yule mama akachuchumaa akaeleza. Stanislas alifika kijijini kwao. Nyumba ilikuwa bado imesimama, nusu. Aliweka mashini mlangoni akakaa nayo. Watu wachache waliokuwa wamerudi walimpa chakula, naye aliwashonea kwa mkono. Habari zilipokuja kwamba wale watu wa panga, waasi wa porini, wako karibu tena, wote wakakimbia, wakamuita, wakamvuta. Akakataa. Waliokimbia walirudi baada ya siku tatu wakamkuta palepale mlangoni, ameuawa. Walimzika nyuma ya nyumba, na padri akasoma. Mashini wale wauaji hawakuichukua, labda kwa uzito.

"Lakini kwa nini alikataa kukimbia?" Aimée akauliza. "Hakusema kitu?"

Yule mama akafuta matope mkononi. "Alisema. Mimi mwenyewe nilikuwa namvuta koti. Alisema, mutoto wangu aliniita nyuma, akasema haijaisha. Akasema, mutoto wangu hadanganyi. Kama haijaisha, basi Sophie atakuja, nami nitangoja mwisho hapa."

Aimée hakulia kwa sauti. Aliweka shavu juu ya kile chuma.

Mwisho ulikuwa mfukoni mwangu. Ile flashi, kila shati nililovaa niliihamishia, tangu ile Ijumaa. Sekunde arobaini. Nikaigusa kwa kidole. Watu walikuwa wameshatuzunguka, wenye magunia, wenye boda, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kunitazama mimi, maana hapa kukiwa na msiba au harusi ni mimi ninayepewa neno. Erifazi akanigusa kiwiko.

"Vijei," akanong'ona, "sema kitu, bwana."

Niliinama nikashika upande wa pili wa mashini. Aimée akashika wake. Tukainyanyua, tukaanza kupanda nayo kuelekea Bwera.